Kitabu Kisicho na Mwanzo

Siku aliyoamua kununua kitabu cha kumi na mbili cha biokemia, Dada Presha alioga mapema, akavaa gauni lake la kwendea harusini, akasimama mlangoni akimhimiza mumewe kama mtu anayekwenda kuposwa upya. Wako watu ambao moyo huwaenda mbio kwa viatu. Huyu wetu moyo ulimwenda mbio kwa vitabu: ile harufu ya karatasi mpya, zile kurasa ambazo bado zimegandana, na juu ya yote ile imani kwamba safari hii ndiyo yenyewe.

"Cha kumi na mbili?" mumewe aliuliza, akifunga gunia nyuma ya baiskeli. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. "Hivi kumi na moja vina ubaya gani?"

"Havikunifaa."

"Vyote?"

"Vyote. Lakini hicho cha bluu, mume wangu, acha tu! Kila aliyefaulu mwaka huu alisoma hicho."

Mumewe akakaza kamba. Miaka sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mtu aliyepandwa na furaha ya kitabu habishiwi.

Jina la Dada Presha alipewa na wagonjwa wa zahanati, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwapima presha, kuwapima uzito na kuandika majina yao. Wengi hawakujua kwamba mwanamke aliyekuwa akiwafunga kile kitambaa mkononi alikuwa amesomea udaktari miaka sita mizima, katika nchi nyingine, na cheti chake kilikuwa kimetundikwa sebuleni. Aliyesomea nje hakuruhusiwa kutibu mpaka afaulu mtihani wa Baraza la Madaktari. Kwa hiyo mgonjwa aliingia, Dada Presha akamtambua ugonjwa hata kabla hajaketi, kisha akachukua karatasi na kuipeleka chumba cha pili ili daktari mwenyewe aandike dawa ileile aliyokuwa ameifikiria yeye. Jambo hilo lilimuuma kila siku, na kila siku alilimeza.

Mtihani ulikuwa na sehemu tano. Nne alizipita kwa mkupuo mmoja. Ya tano, biokemia, alikuwa ameanguka mara mbili. Na Baraza halikuwa na mchezo: mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka, hata zile nne zinafutwa, unarudi sifuri. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Duka walilokuwa wakiliendea lilikuwa la wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gundi. Lilitazamana na zahanati. Chumba kimoja kirefu, mashine ya fotokopi karibu na mlango, rafu za vitabu vilivyokwisha tumika, na kule nyuma benchi la kujalidia: kibanio cha chuma, kisu kirefu, shazia, ile sindano nene ya kushonea, nyuzi zilizopakwa nta, na kopo la gundi ambalo brashi yake haikupata kukauka tangu duka lifunguliwe. Mwenye duka alikuwa mwanamke mpana, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na ulimi usiojua likizo.

"He! Wifi, mbona umependeza hivyo na gunia juu?" alipaza sauti. "Ndugu yangu kakuudhi, unarudi kwenu?"

"Sirudi popote, wifi yangu. Nimekuja tubadilishane. Chukua hivi kumi na moja, unipe kile cha bluu."

"Na mume je, hatumbadilishi?"

"Huyo bado anafanya kazi," Dada Presha alisema, na mume aliyekuwa akizungumziwa akashusha gunia, akawaaga wote wawili, akaenda zake kutengeneza friji ya watu. Alijua kuwa wifi wawili wakianza utani, wa tatu huwa ni chakula chao.

Mama Gundi hakuwa mtu wa kufungua kitabu anapokipokea. Alikisimamisha kwa mgongo juu ya benchi, akakibana kwa viganja viwili, akatazama ukingo, ule upande wa kurasa unaoguswa na vidole. Vidole vya mwanafunzi vina jasho, vina mafuta, vina chai na wasiwasi. Ukurasa unaoguswa sana unaingia weusi, usioguswa unabaki mweupe. "Ninyi mnasoma ndani," alipenda kuwaambia wanafunzi wa utabibu waliojaa dukani kwake. "Mimi nasoma ukingo, na bado sijadanganywa."

Akasimamisha cha kwanza, kile kinene ambacho wanafunzi walikiita Godoro. Akasimamisha cha pili, Maua, chenye picha za rangi kila ukurasa. Akaendelea, huku akiuliza habari za nyumbani na kujijibu mwenyewe. Alipofika cha tano akanyamaza. Dada Presha hakuwahi kumwona wifi yake akinyamaza mchana, akaanza kuingiwa na hofu.

"Vina kasoro?"

"Subiri." Alisimamisha vyote kumi na moja kwenye mstari mmoja, akavibana kwa chuma, akavaa miwani. "Hebu njoo usimame hapa nilipo mimi."

Dada Presha akaenda, akasimama.

"Unaona nini?"

"Vitabu vyangu."

"Tazama ukingo, wifi. Acha mapenzi."

Ndipo akaona. Kila kitabu kilikuwa na mstari mweusi upande wa mwanzo. Kwenye Godoro ulikuwa na upana wa vidole viwili, kwenye vile vyembamba haukufika hata nusu ya kidole. Baada ya hapo, kitabu kizima kilikuwa cheupe pee, kama kilitoka kiwandani jana. Kimoja hivyo, cha pili hivyo, mpaka cha kumi na moja.

Mama Gundi akachukua ncha ya kisu, akaichomeka kwenye Godoro pale weusi ulipokoma, akakifungua. "Nisomee hapo. Sura gani?"

"Vimeng'enya. Ukurasa wake wa tatu."

Akachomeka kwenye Maua. "Na hapa?"

"Vimeng'enya."

"Na hapa?"

Dada Presha aliinama, akasoma. "Vimeng'enya."

Walipofika cha saba hawakuwa na haja ya kuendelea, lakini Mama Gundi aliendelea mpaka mwisho, maana fundi hapimi nusu.

"Kila nilipopata kitabu kipya nilianza upya," Dada Presha alisema polepole. "Nilitaka msingi uwe imara. Nikifika kwenye vimeng'enya mambo yanakuwa magumu, naona kitabu ndicho kibaya, natafuta kingine. Si unajua, wifi, mwanzo wa ngoma ni lele."

"Najua. Na wewe umecheza lele miaka mitatu, ngoma yenyewe hujaiona."

Aibu ilimpanda kuanzia shingoni. Aliyakumbuka yale maswali ya mtihani, moja baada ya jingine, yote mageni, na yeye ameketi akijiambia kwamba kichwa chake hakikuumbiwa elimu hii. Alikuwa akizijua asidi amino zote ishirini, angeweza kuzitaja hata akiwa usingizini, kwenda na kurudi. Hakuna mtahiniwa aliyezijua kama yeye. Na zilimletea swali moja tu kila mwaka. Mengine yote yalitoka huko kweupe.

Mama Gundi alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kumpoza, kwa sababu mwenye ulimi mkali si lazima awe na moyo mkali. Lakini alipogeuka alikuta wifi yake anatabasamu, tena tabasamu linazidi kupanuka.

"Sikufeli," Dada Presha alisema.

"Eti?"

"Wifi, sikufeli! Sikusoma! Mtu hafeli kitu asichokisoma!"

"Karatasi ya Baraza inasema umefeli."

"Baraza halijaona ukingo!" Akamkumbatia, gauni la harusi na gundi na yote, akamzungusha mpaka miwani ikaruka. "Mimi si mbumbumbu! Miaka mitatu najiona mbumbumbu, kumbe mvivu!"

"Taratibu, wateja watadhani nakunyonga. Na mtu anayesoma sura zilezile mara kumi na moja, huyo si mvivu. Sijui anaitwaje, lakini si mvivu."

Furaha ikamsukuma mbio mpaka kwenye rafu ya mbele, akakinyakua kile kitabu cha bluu, kipya, kinang'aa. "Basi nipe hiki, nikisome chote mpaka jalada la nyuma!"

Mama Gundi akaweka kiganja juu ya kitabu. "Mchagua jembe si mkulima, wifi. Ukifika nacho nyumbani utaanzia wapi?"

"Mwanzoni, si..." Dada Presha akajisikia mwenyewe. Akakirudisha kitabu taratibu, kama mtu aliyeshikwa mkono ukiwa chunguni.

"Utachagua kimoja katika hivi ulivyo navyo," Mama Gundi alisema. "Na utachagua kwa njia yangu. Fungua palipo peupe, popote. Soma ukurasa mmoja. Funga. Kisha unieleze mimi, ambaye niliacha shule mapema kuliko nilivyotaka, tena kwa Kiswahili. Kitakachonifanya nielewe ndicho chako."

Walianza na Godoro. Dada Presha alisoma ukurasa, akakifunga, akaeleza. Alieleza kwa kirefu na kwa usahihi mkubwa, na katikati ya maelezo Mama Gundi akapiga mwayo mpana kama mlango wa duka. Godoro likasukumwa pembeni. Likaja Maua. Hapo maelezo yalikuwa matamu alipokuwa akionyesha picha kwa kidole, lakini kitabu kilipofungwa, maneno nayo yakafungwa. Cha tatu kilikuwa na vifupisho vingi mno, "utadhani kimeandikwa na mtu anayelipia herufi," Mama Gundi akasema. Cha nne, cha tano, hola.

Cha sita kilikuwa cha kijivu, chembamba, karatasi zake nyepesi, hata jina la utani hakikuwa nalo. Dada Presha mwenyewe hakukumbuka alikitoa wapi. Alikifungua katikati, akasoma kwa kusimama. Akageuza ukurasa.

"Nilisema mmoja," Mama Gundi alimkumbusha.

"Ngoja." Akageuza mwingine. Kisha akakifunga, macho yamemtoka. "Wifi, sikiliza. Mtu asipokula, sukari inatoka wapi?"

"Wewe ndiye daktari."

"Inatoka kwenye ini. Ini lilikuwa limeweka akiba alipokula. Akiba hiyo inamfikisha kama siku moja hivi, haizidi sana."

"Na ikiisha?"

"Ini linaanza kutengeneza sukari lenyewe. Linachukua protini za misuli, linazigeuza sukari, kwa sababu ubongo hauwezi kukaa bila chochote."

"Yaani mwili unajila?" Mama Gundi aliweka brashi chini. "Si atakwisha huyo mtu?"

"Ndiyo maana unabadili mbinu! Unaingia kwenye mafuta. Ini linayavunja, linatoa kitu kinaitwa ketoni, na ubongo unajifunza kula hizo, misuli inapumzika." Hapo Dada Presha akashika kichwa. "Kumbe! Yule mzee wa sukari! Wifi, yule mzee aliyeletwa mwezi uliopita anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi! Damu yake ilijaa sukari, lakini hana insulini ya kuingiza sukari ndani. Kwa hiyo mwili wake uliona ni njaa! Njaa katikati ya shibe! Ini likamwaga ketoni kama la mtu anayefunga siku kumi. Mimi nilijua hizo ni dalili zake, lakini nilikariri tu. Sikujua kwa nini!"

"Akapona?"

"Alipona."

"Na hizo ketoni, walizitoaje?"

"Sijui." Dada Presha alikuwa ameshakifungua tena, anatafuta. "Ngoja nione."

Mama Gundi aliutazama ule mkono unaogeuza kurasa kwenda mbele, wala hauulizi mwanzo uko wapi. "Basi," akasema. "Tumempata bwana harusi. Lete hapa."

Kabla Dada Presha hajajua kinachofanyika, kitabu cha kijivu kilikuwa kimebanwa kwenye chuma, na kile kisu kirefu kimesimama pale pale weusi unapokutana na weupe.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Nakukatia lele."

"Huo ni msingi wangu!"

"Msingi umeujenga mara kumi na moja, hata ghorofa ingesimama." Kisu kikapita mara moja, mwanzo wa kitabu ukadondoka kwenye kapu la karatasi za kujazia majalada. Dada Presha akapiga yowe dogo. Alitoa mkono kuuokota, akaurudisha, akautoa tena, mwishowe akaushika kwa mkono mwingine ili utulie. Mama Gundi akatoboa kurasa zilizobaki, akapitisha shazia na uzi, akapaka gundi mgongoni, akavika jalada gumu lisilo na maandishi. Ukilifungua, ulitua moja kwa moja kwenye vimeng'enya, ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi.

"Kitakauka baada ya saa nane," alisema. "Na kila siku mchana, ukitoka kula, unakuja hapa kunieleza ulichosoma. Nisipoelewa, hujasoma."

Wiki saba hizo hazikuwa lelemama. Siku za kwanza kitabu kilimtoa jasho, na yeye, kwa mazoea, akatamani kukichukia. Lakini hapakuwa na pa kurudi: mwanzo ulikuwa umeshakuwa jalada la kitabu cha mtu mwingine. Ikabidi aende mbele tu. Na huko mbele, loo! Kila sura ilimfungulia mgonjwa aliyewahi kumpima. Alielewa kwa nini mlevi mmoja hutetemeka miguu, kwa nini mama fulani mifupa yake humuuma, kwa nini dawa hii isichanganywe na ile. Alitoka zahanati mchana akivuka barabara kwa haraka ya mtoto aliyetumwa kununua peremende, na Mama Gundi alikuwa amekwisha kumwekea kiti.

Mama Gundi hakuwa msikilizaji wa kuitikia tu. Aliuliza. "Huyo kimeng'enya asipofika kazini, nani anabaki na mzigo?" Maswali yake yalikuwa ya mtu anayetengeneza vitu, na mara nyingi Dada Presha ilimbidi arudi kitabuni kutafuta jibu. Siku nyingine wateja wa fotokopi walingoja mpaka hatima ya mafuta ijulikane.

Wiki ya nne daktari wa zahanati, kwa wema wake, alimletea kitabu cha bluu. "Nimekuazimia," alisema. "Wanakisifu sana." Dada Presha alikipokea kwa mikono miwili. Harufu ikampanda, vidole vyenyewe vikatafuta ukurasa wa kwanza. Alisoma mstari mmoja: asidi amino ni ishirini. Akacheka peke yake, akakirudisha kabla ya chai ya saa nne. Daktari alibaki akijiuliza kama kitabu kilikuwa na kichekesho.

Mtihani ukaja, ukapita. Alitoka ukumbini kalamu imemwachia shimo kwenye kidole, na mumewe alipouliza ilikuwaje, alisema, "Yalikuwa maswali niliyokutana nayo," akaenda kulala kuanzia mchana mpaka kesho yake.

Majibu yalitoka siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwa ujumbe wa simu. Dada Presha aliusoma akiwa amesimama kwenye korido, akausoma tena, kisha akavuka barabara bila kutazama gari, akiwa bado na kipimo cha presha mkononi.

Dukani kulikuwa na kijana wa chuo cha udaktari anangoja fotokopi. Mama Gundi alikuwa nyuma, mikono imejaa gundi mpaka viwiko.

"Nisomee," alisema alipomwona wifi yake ananyoosha simu. "Mikono yangu hii haishiki kitu."

Dada Presha akajaribu. Akaisogeza simu karibu na macho. "Biokemia," alisema hatimaye, "tumefaulu."

Ndivyo neno lilivyotoka, na hakulirekebisha. Mama Gundi akaketi juu ya rundo la karatasi, akajishika uso kwa mikono ile ile, gundi ikamwingia kwenye nyusi. Alilia na kucheka kwa pamoja. "Soma tena," akasema, na Dada Presha akasoma tena, na alama zake, na mahali palipoandikwa kwamba anastahili kupewa leseni ya kutibu. Kisha wakapiga vigelegele mpaka watu wakasimama barabarani.

"Hongereni," kijana alisema, amechanganyikiwa. "Kwani na wewe ulifanya mtihani, Mama Gundi?"

"Mimi? Hakuna aliyeniita." Alijifuta kwa bega. "Lakini wewe niulize chochote."

Kijana akatabasamu, ile heshima ya kumridhisha mkubwa. Akauliza lililokuwa likimsumbua mwenyewe wiki hiyo: kwa nini watoto wachanga hugeuka manjano?

Mama Gundi hakuinuka hata pale alipoketi. Alimweleza kwamba chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na humo hutoka rangi ya manjano. Kwamba kazi ya ini ni kuifanya rangi hiyo iyeyuke majini ili itolewe nje, na kuna kimeng'enya maalumu cha kazi hiyo. Kwamba ini la mtoto ni jipya, kimeng'enya chake bado hakijazoea kazi, na chembe za kuvunjwa ni nyingi, basi rangi inamzidi, inatulia kwenye ngozi na macho. "Ndiyo maana mnamlaza chini ya taa ya bluu," alimalizia. "Mwanga unaibadili ile rangi pale pale ngozini, inatoka bila kulisubiri ini. Baada ya siku chache ini linajua kazi."

Kijana alikuwa ametoa daftari, anaandika. Mashine ya fotokopi ilikwisha maliza kazi zamani, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Dada Presha alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza neno kwa neno, kama mtahini, na hakupata hata pahali pamoja pa kusahihisha.